Katy Trail: reli iliyolala, na jinsi ilivyogeuka njia ya baiskeli isiyo na magari bonde la mto Missouri

Kila nikiwaonesha watu picha za kule swali ni lile lile, hii barabara nani kaijenga? Maana kwenye picha unaona njia nyeupe ya changarawe, pana kama meta tatu hivi, upande mmoja mwamba umesimama kama ukuta wa ghorofa, upande wa pili mto mkubwa wa rangi ya chai ya maziwa, hamna gari, hamna pikipiki, na inaenda hivyo hivyo karibu maili 240, kilomita 380 na kitu, kutoka mji mdogo wa Clinton mpaka Machens karibu na St. Louis. Ndugu mmoja wa Bukavu tunayeishi naye hapa Columbia, jimbo la Missouri, na hapa Waswahili sio wachache hasa kutoka Kongo, alivyoiona mara ya kwanza alisimama akaangalia mbele akaangalia nyuma akaniuliza, sasa magari yao yanapita wapi?

Nimeamua niandike vizuri maana hii kitu watu wanaiona kirahisi sana, wanaona changarawe na miti basi, kumbe kilichoshikilia ile njia isipotee ni sheria moja ambayo hata Wamarekani wengi wanaopita juu yake kila wikiendi hawaijui.

Tuanze na kwamba pale hakuna mtu aliyekaa akachora njia ya baiskeli. Ile ni reli. Ilikuwa ya kampuni ya Missouri-Kansas-Texas, kifupi MKT, na watu walivyokuwa wanatamka K na T haraka haraka ikawa "Katy", jina likabaki. Treni zimepita kwenye lile bonde tangu miaka ya 1890 mpaka 1986, mwezi wa 10 mto ukafurika ukala tuta sehemu nyingi, kampuni ikaona kukarabati hailipi, ikaacha. Mwaka 1988 MKT yenyewe ikanunuliwa na Union Pacific, kampuni nyingine kubwa ya reli, na hadithi ya Katy kama kampuni ikaishia hapo.

Na ukishajua ni reli mambo mengi yanajieleza yenyewe. Kwa nini hamna milima? Kwa sababu treni haiwezi mlima. Gurudumu la chuma juu ya chuma linateleza, ndo maana inavuta mzigo mkubwa kwa nguvu kidogo, lakini ukiiwekea mwinuko inakwama, kwa hiyo mafundi wa reli walikuwa hawapendi kupandisha zaidi ya meta 1 au 2 kwenye kila meta 100. Ndo maana wakafuata mto, mto ulishachonga bonde zamani, kazi ya wao ikawa kujibana tu katikati ya mwamba na maji. Pale walipobanwa kabisa wakatoboa, kuna handaki pale Rocheport lilichimbwa 1893, futi 243, ambalo ndo handaki pekee reli yote ile ilikuwa nalo. Ukiingia mle mchana wa mwezi wa 7 na baiskeli, jasho linakutoka kila mahali, ubaridi unakupiga usoni kama umefungua friji, na mawe ya juu bado unaona yalivyokatwa. Mtu mzima wa miaka 70 anapita pale bila kushuka kwenye baiskeli, mtoto wa miaka 7 anapita, na hilo sio kwa sababu ya baiskeli za kisasa, ni kwa sababu injini ya mvuke ya karne ya 19 ilikuwa haiwezi mlima.

Sasa sheria. Hapa ndo penye fundo lenyewe, nivumilie kidogo.

Sisi Tanzania tumezoea hifadhi ya reli, ile X nyekundu ukutani, ukijenga ndani ya ukanda wa reli siku wakiutaka unaondoka. Kichwani kwetu ardhi ya reli ni ya reli, mwisho. Marekani haikuwa hivyo. Kampuni za reli karne ya 19 zilipata ardhi kwa njia tofauti tofauti ndani ya mstari mmoja, kipande hiki walinunua moja kwa moja, kipande kile mkulima aliwapa tu haki ya kupita, yaani shamba linabaki lake ila wewe pitisha treni. Na haki ya kupita ina masharti yake, siku ukiacha kupitisha treni haki imekufa, ardhi inamrudia mwenyewe au wajukuu zake au yeyote aliyenunua lile shamba. Kwa hiyo reli inaweza kuwa na urefu wa mamia ya maili lakini kisheria ni kama shanga zilizotungwa kwenye uzi, uzi ni treni, ukikata uzi kila shanga inakwenda kwake. Huyu analima mahindi juu ya tuta, yule anaweka fensi, mwingine anajenga banda la matrekta, na ndani ya miaka michache huwezi tena kuurudisha ule mstari hata uwe na hela vipi.

Waswahili tunalo somo la hili hili nyumbani. Reli ya kusini, ile ya Mtwara kwenda Nachingwea iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 60 na vyuma vikang'olewa. Kuifungua reli tena baada ya hapo ni kuanza upya, kupima upya na kulipa fidia upya.

Wamarekani waliliona hilo likitokea kwao kwa kasi ya kutisha, reli zao zilikuwa zinafungwa kila mwaka hasa baada ya 1980 kampuni ziliporuhusiwa kufanya biashara kwa uhuru zaidi na kuacha mistari isiyolipa. Bunge lao likashtuka kwamba kesho wakihitaji reli tena watapitia wapi. Kwa hiyo 1983 wakairekebisha sheria ya njia za taifa, ambayo ilikuwepo tangu 1968, wakaingiza kitu ambacho mimi nakiita kuilaza reli. Inasema hivi: kampuni ikitaka kuacha mstari, na akatokea jimbo au taasisi inayokubali kuutunza na kubeba gharama na lawama zote, basi mstari hauhesabiwi kuwa umeachwa. Umelala tu. Wakati umelala watu waruhusiwe kutembea na kuendesha baiskeli, lakini siku reli ikihitajika iamshwe. Na kwa kuwa kisheria haijaachwa, ile haki ya kupita haijafa, ule uzi wa shanga haujakatika.

Soma hiyo mara mbili kama haijaingia. Njia ya baiskeli pale kwenye macho ya sheria ni matumizi ya muda ya reli ambayo haijafa.

Missouri wakaitumia sheria hiyo kwa Katy mwaka 1987. Hela za kuanzia zilitoka kwa mtu mmoja, Ted Jones, wa familia yenye kampuni ya uwekezaji ya Edward Jones, yeye na mke wake Pat walitoa dola 200,000 za kununulia na baadaye dola milioni 2 za kujengea. Kipande cha kwanza kikafunguliwa Rocheport mwezi wa 4 mwaka 1990, na Ted akafariki mwaka huo huo mwezi wa 10. Huwa nafikiria sana hilo nikipita pale, kwamba aliona kile kipande kidogo tu cha kwanza. Mwaka 1991 Union Pacific nao wakatoa maili 33 nyingine kuanzia Sedalia kwenda upande wa Clinton, njia ikarefuka.

Lakini upande wa pili wa habari hii huwa hausimuliwi vya kutosha, wakulima. Weka wewe ndo mwenye shamba. Babu yako aliwapa reli haki ya kupita, miaka 90 umeishi na kelele na moshi na ng'ombe kugongwa, siku treni inasimama unasema afadhali sasa ardhi yangu inarudi, alafu serikali inakwambia hapana, haijaachwa, imelala, na kuanzia mwezi ujao watu usiowajua watakuwa wanapita katikati ya shamba lako na baiskeli. Walikasirika, na mi nasema walikuwa na haki ya kukasirika. Wakaenda mahakamani. Mwaka 1990 kesi ya namna hiyo hiyo kutoka Vermont, inajulikana kama kesi ya Preseault, ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na majaji wote wakakubaliana kwamba sheria ya kuilaza reli ni halali, bunge lina mamlaka hayo, ila kama kuna mtu amenyang'anywa kitu chake aende akaidai serikali kuu imlipe. Baadaye mwaka 2000 wenye ardhi waliopitiwa na Katy yenyewe wakashinda kwenye mahakama ya madai dhidi ya serikali kuu, ikasemwa wazi kwamba walichukuliwa haki yao na wanastahili fidia.

Kwa hiyo mtu akikwambia njia hizi ni zawadi tu ya serikali kwa waendesha baiskeli, mwambie zimelipiwa, na kuna watu ilibidi wapigane zaidi ya miaka kumi ndo walipwe kilicho chao. Mimi njia ile naipenda sana, na sitaki kuipenda kwa kufumba macho kwenye hilo.

Kuna tawi jingine la sheria hii ambalo lilinishangaza zaidi, daraja la Boonville. Ni daraja la chuma la reli lililokamilika 1932, lile la kunyanyuka, kipande cha katikati kinapanda juu kizima kama lifti ili meli zipite. Njia ya baiskeli haipiti pale, mtu anavukia daraja la magari la jirani. Sasa Union Pacific walitaka kuling'oa wachukue vyuma wakavitumie kwenye daraja lao jingine. Unaweza ukasema si lao, waling'oe. Ila kumbuka reli iliyolala lazima iwe na uwezo wa kuamka, je ukiondoa daraja katikati ya mstari, bado ni mstari? Kama sio mstari basi imeachwa, na kama imeachwa ule uzi wa shanga unakatika mpaka huko Machens. Mwanasheria mkuu wa jimbo wakati huo, Jay Nixon, akafungua kesi 2005 kuzuia. Mahakamani haikwenda alivyotaka, lakini alipokuja kuwa gavana, 2010 kampuni ikakubali kuliacha na daraja likapewa mji wa Boonville. Wana mji wakachangishana miaka na miaka, na 2016 sehemu ya mwanzo ya daraja ikafunguliwa watu watembee mpaka juu ya maji. Yaani kitu ambacho baiskeli haipiti kabisa ndo kilikuwa kimeitia hofu njia nzima.

Haya, turudi chini kwenye changarawe maana najua wengine mlikuja kwa ajili hiyo.

Reli ikishang'olewa, vyuma na mataruma vinaondoka, kinachobaki ni tuta na kokoto kubwa za reli. Hizo kokoto huwezi kuendesha juu yake, zinacheza, tairi linazama. Wanachofanya ni kupitisha greda, wanasawazisha, alafu juu wanamwaga mawe ya chokaa yaliyosagwa. Na hapa siri yote iko kwenye usagaji. Ukiinama ukachota kiganja cha Katy Trail utaona ni kama unga wa dona wenye chenga, kuna punje ndogo ndogo na kuna vumbi lake humo humo, hawalichekechi likaondoka. Lile vumbi ndo gundi. Maji yakiingia na rola likipita vumbi linajaza nafasi kati ya punje, likikauka linashikana, linakuwa gumu karibu kama sakafu ya udongo iliyoshindiliwa vizuri na mvua ya kawaida haiibebi. Kokoto safi zilizooshwa, zile ambazo mtu angedhani ni bora, kwa baiskeli ni mbaya kabisa. Na chini ya hapo kokoto za reli bado zipo zinafanya kazi yao ya zamani ya kupitisha maji yasituame. Na jiwe lenyewe ni ndugu wa ule mwamba unaouona pembeni, Missouri imejaa mawe ya chokaa, huhitaji kuyatoa mbali.

Kwa hiyo baiskeli gani? Watu wanahangaika sana na hili bila sababu. Tairi la milimita 35 mpaka 45 linatosha kabisa, usijaze upepo mpaka likawa kama jiwe, mtu wa kilo 70 na tairi la 40 aweke presha 40 hivi atakwenda vizuri, tairi likiwa laini kidogo linameza vile vipunje badala ya kukurusha. Zile Phoenix zetu za kubebea mkaa zingepita bila wasiwasi, shida yake ingekuwa uzito tu. Tairi jembamba la barabarani linapita njia ikiwa kavu, mvua ikinyesha utajuta. Mi nimejuta, nilitoka asubuhi kukiwa kumekauka, mchana ikanyesha, lile vumbi likageuka uji mweupe ukapanda kwenye cheni, kwenye breki, kwenye soksi, kila nikishika breki nasikia inasaga kama nimeweka mchanga mdomoni, na kufika nyumbani mpira wa breki ulikuwa umelika nusu. Dawa yake usiache ikauke, mwagia maji siku hiyo hiyo, maana ikishakauka unaibandua na kijiti. Na mwezi wa 3 baridi inapoachia, barafu iliyokuwa ndani ya udongo inayeyuka na njia inakuwa laini kama keki, ukipita unaacha mfereji ambao ukikauka wenzako wanahangaika nao wiki nzima, kipindi hicho ni ustaarabu kuiacha ipumzike.

Mafuriko ndo gharama ya kuishi bondeni. Ile ile sababu iliyofanya njia iwe tambarare ndo inafanya maji yaifikie. Mwaka 1993, njia ikiwa bado changa kabisa, Missouri ilifurika vibaya mno na sehemu kubwa ya njia iliyokuwa imeshajengwa ikaharibika, kwingine changarawe yote ikasombwa, kwingine ikafunikwa na matope. Wakajenga tena. Mwaka 2019 maji yakapanda tena vipande vikafungwa. Kabla hujatoka angalia kina cha mto na taarifa za wanaoisimamia njia, kwa sababu kwenye ramani njia itaonekana nzima wakati iko chini ya maji.

Miji ya njiani ina mpangilio wake. Utaona Hartsburg, Tebbetts, Mokane, Portland, Rhineland, Treloar, Marthasville, vijiji vidogo vimefuatana maili kadhaa kadhaa kama vimepimwa na kamba. Ni vijiji vya reli hivyo, injini ya mvuke ilikuwa inakunywa maji sana na mkulima alikuwa hawezi kusafirisha mazao kwa mkokoteni mwendo mrefu, kwa hiyo stesheni zilipangwa karibu karibu. Kwa mwendesha baiskeli hiyo ni neema, ila usidanganyike na majina kwenye ramani, vingine siku hizi vina kanisa na nyumba kumi, duka hamna, bomba la maji hamna. Beba maji ya kutosha vituo viwili mbele. Jua la mashamba ya soya na mahindi mwezi wa 7 sio la mchezo, kivuli cha mwamba kinaisha ghafla na unabaki kwenye uwazi na upepo wa kichwa, na upepo kwenye njia tambarare ndo mlima wenyewe.

Pale karibu na McBaine, unapotokea ukifuata kijinjia cha maili 9 hivi kinachotoka katikati ya Columbia, nacho kilikuwa tawi la reli ile ile, kuna mti mmoja mwaloni umesimama peke yake katikati ya shamba, inasemekana una zaidi ya miaka 350. Mwaka 2020 mwezi wa 10 radi iliupiga ukaungua kwa ndani, zimamoto wakaja kuuzima. Bado upo. Watu wanaacha njia wanakwenda kuushika tu.

Anayetaka kuijaribu bila gari, kuna treni ya abiria ya Amtrak kati ya St. Louis na Kansas City inayopita upande wa pili wa mto, inasimama Washington, Hermann, Jefferson City na Sedalia, na inabeba baiskeli ukiweka nafasi mapema. Jefferson City kuna njia ya waenda kwa miguu na baiskeli kwenye daraja, Hermann pia daraja lina sehemu ya baiskeli, unavuka unaingia njiani. Windsor nako siku hizi kuna mkutano wa njia, inaungana na ya Rock Island, reli nyingine iliyolala, kipande chake cha maili 47 kuelekea upande wa Kansas City kilifunguliwa mwisho wa 2016, na mwaka 2021 jimbo likapokea maili 144 nyingine za kwenda mashariki ambazo bado zinahitaji kazi kubwa.

Ukiwa njiani angalia vibao vya maili. Clinton kibao kinasoma 264 na kitu, Boonville 191, Rocheport 178, Hartsburg 153, vinashuka hivyo hivyo ukifuata mto kwenda mashariki, na mgeni anategemea mwisho akute sifuri. Haikuti. Ukifika Machens, njia inakatika kwenye mashamba na kibao kinasema 27 hivi. Hesabu ni ya reli, walianza kuhesabu kutoka St. Louis, na hawajaibadilisha mpaka leo. Zile maili 27 zilizobaki treni za MKT zilikuwa zinapita juu ya reli ya kampuni nyingine, na hiyo haijalala. Ukisimama pale ukatulia unaweza ukasikia treni ya mizigo inapita.